Kozi mbili, saa sita kwa wiki: je, nikubali kufundisha biolojia chuo kikuu kwa mkataba wa muda?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa biolojia na kemia katika shule ya sekondari ya binafsi hapa Moshi, na mwaka juzi nilimaliza shahada ya umahiri katika botania. Idara ya biolojia ya chuo kikuu kimoja imeniandikia barua ikinialika kufundisha kozi mbili kwa muhula mmoja kama mhadhiri wa muda: Sitolojia na Jenetiki, yaani elimu ya seli na ya urithi, yenye wanafunzi 120, na Ikolojia ya Mimea, yenye wanafunzi 45. Kila kozi ina saa tatu za mihadhara kwa wiki, malipo ni shilingi 20,000 kwa saa ya mhadhara, na barua inasema kwamba praktikali na usahihishaji "vimejumuishwa". Ninatakiwa kujibu ndani ya wiki mbili. Nia yangu ya siku nyingi ni kuwa mhadhiri. Je, nikubali? Na je, kazi hii inaweza kunifikisha kwenye ajira ya kudumu?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu, na hongera kwa kualikwa, kwa maana idara haimwandikii barua mtu ambaye kazi yake haijasikika. Nimefundisha botania katika vyuo vya ukanda huu wa Arusha na Moshi kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka minne ya mwanzo nilikuwa mhadhiri wa muda kama utakavyokuwa wewe, na baadaye nikawa mkuu wa idara, nikiandika barua za namna hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo ninaijua barua yako kama mpokeaji na kama mwandishi. Ushauri wangu ni kwamba ukubali kozi moja, ile ya Ikolojia ya Mimea, na uikubali kwa sharti kwamba saa za praktikali zihesabiwe na kulipwa. Kinachonitia wasiwasi katika barua hiyo si shilingi 20,000, bali ni hilo neno "vimejumuishwa".

Mwalimu wa historia au wa sheria anayelipwa kwa saa ya mhadhara naye anapunjwa, kwa sababu kuna kuandaa somo na kuna kusahihisha. Lakini kwetu sisi wa biolojia mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufundishaji wetu hufanyika maabara, na kazi ya maabara huanza siku kadhaa kabla wanafunzi hawajavaa makoti yao meupe. Chukua praktikali moja ya kawaida kabisa, ile ya kuangalia mgawanyiko wa seli katika ncha ya mzizi wa kitunguu. Kama kundi la kwanza linaingia Jumatatu asubuhi, Alhamisi iliyotangulia inabidi uwe umekwisha kwenda soko la Mbuyuni ukachagua vitunguu vigumu vya Mang'ola ambavyo havijaanza kuoza shingoni, ukakwangua mizizi mikavu ya chini, ukavipachika juu ya midomo ya bika ili makalio yake yaguse maji tu bila kuzama, na kila siku ukabadilisha maji hayo. Mizizi ikifika kama sentimita mbili unakata ncha zake na kuzihifadhi katika mchanganyiko wa sehemu tatu za ethanoli na sehemu moja ya asidi asetiki. Kisha unazilainisha kwa dakika chache katika asidi ya hidrokloriki yenye nyuzi joto 60, unazitia rangi ya aseto-orseini au nyingine inayopatikana, na unabonyeza slaidi kwa kidole gumba bila kuruhusu kioo cha juu kiteleze. Mwalimu makini hutengeneza slaidi tano au sita mwenyewe kabla ya darasa, kwa maana asipoona kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, yeye hawezi kumwambia mwanafunzi azitafute. Na kama maabara ina viti 30 na wanafunzi ni 120, kazi hiyo inarudiwa mara nne kwa mizizi mipya kila mara.

Jenetiki inadai zaidi ya hapo. Ukitaka wanafunzi waone uwiano wa tatu kwa moja wa sifa zinazorithiwa kwa macho yao badala ya kuukariri, utafuga nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, kwenye chupa za ndizi mbivu au uji wa unga wa mahindi. Katika nyuzi joto 25 nzi huyo hutoka yai hadi mdudu kamili kwa siku kumi hivi, lakini katika nyuzi joto 18 muda huo karibu unaongezeka maradufu, na wewe unayekaa Moshi unajua jinsi chumba kisicho na kitunza joto kinavyopoa usiku wa Juni na Julai. Majike ya kupandishwa lazima yatengwe ndani ya saa nane hivi tangu yatoke kwenye buu lililofungika, kabla hayajapandwa na ndugu zao wa chupa moja. Maana yake ni kwamba mtu fulani anafika maabara alfajiri na kurudi tena jioni, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Mtu huyo, katika idara isiyo na fundi sanifu wa kutosha, ndiye mhadhiri wa muda ambaye barua yake inasema kwamba praktikali zimejumuishwa.

Sasa tuhesabu, maana umenipa takwimu za kutosha. Mihadhara ya kozi zote mbili kwa wiki 15 za kufundisha ni saa 90, ambazo kwa shilingi 20,000 zinakupatia shilingi 1,800,000 kabla ya makato. Kwa kuwa hujawahi kufundisha kozi hizi, kila saa ya mhadhara itakula walau saa mbili za kuandaa, kwa hiyo ongeza saa 180. Tuseme kila kozi ina praktikali sita za saa tatu: jenetiki yenye makundi manne inafika saa 72, na ikolojia yenye kundi moja saa 18, pamoja na siku mbili za kutoka nje ambazo nazihesabu kuwa saa 16. Maandalizi ya maabara kwa kozi zote mbili nayaweka saa 30, nami hapo nimekadiria kwa kubana sana. Ripoti za jenetiki, hata wanafunzi wakiandika wawili wawili, ni 60 kwa kila praktikali, na kwa dakika kumi kila moja unapata saa 60. Ripoti nne za kila mwanafunzi wa ikolojia zinaleta saa 30. Majaribio mawili ya darasani kwa wanafunzi 165, kwa dakika nane kila karatasi, ni saa 44, na mtihani wa mwisho wa muhula kwa dakika 20 kila karatasi ni saa 55. Kutunga mitihani, kuipitisha kwa mhakiki na kuingiza alama kwenye mfumo wa chuo nayapa saa 20. Jumla ni saa 615. Gawanya, nawe utaona kwamba saa yako moja imelipwa chini kidogo ya shilingi 3,000.

Tena usiziangalie hizo saa 615 kama fedha peke yake. Ukizieneza kwenye wiki 17, yaani 15 za kufundisha na mbili za mitihani, ni wastani wa saa 36 kwa wiki, juu ya kazi yako ya shule ambayo kwa mujibu wa sheria inaweza kufika saa 45 za kawaida kwa wiki. Hakuna mwili unaoweza kuhimili hayo kwa miezi minne mfululizo, na kinachotokea siku zote ni kwamba kitu fulani kinaachwa. Nimeshuhudia kinachoachwa, na karibu kila mara ni praktikali. Mwalimu huanza kwa kuunganisha makundi mawili, kisha anaonyesha jaribio moja mbele ya watu 60, mwishowe anachora kromosomu ubaoni na kuwaambia wanafunzi wanakili. Wengi wa wanafunzi hao wanasomea ualimu wa sayansi. Baada ya miaka mitatu wanapelekwa kwenye sekondari kama yako kuwaandaa watoto kwa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, ilhali wao wenyewe hawajawahi kurekebisha hadubini hadi seli ikaonekana vizuri. Umewahi kuwapokea walimu wa namna hiyo, nina hakika, na unajua si kosa lao.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba saa za praktikali zilipwe, hata kama ni kwa kiwango cha chini kuliko mhadhara. Hoja yako mbele ya mkuu wa idara ni rahisi na ina nguvu. Katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja inahesabiwa kuwa saa kumi za kujifunza kwa mwanafunzi, na ndani ya saa hizo mna mihadhara, praktikali na usomaji wa binafsi. Chuo kinachomhesabia mwanafunzi saa za maabara katika krediti zake hakiwezi kusema kwamba saa hizohizo hazikuwepo kwa mwalimu aliyesimama naye maabara. Nilipokuwa mkuu wa idara, fungu la wahadhiri wa muda lilikuwa likikokotolewa kutoka kwenye ratiba ya mihadhara, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa inafika kwa mhasibu. Ratiba ya maabara ilibaki ukutani kwetu. Nilichukua miaka miwili kutambua kwamba kumbe ningeweza kuambatanisha ratiba zote mbili kwenye maombi ya bajeti, na mwaka nilipofanya hivyo maombi yalipita kwa kupunguzwa kidogo tu. Walimu waliofanya kazi chini yangu kabla ya mwaka huo walipunjwa kwa uzembe wangu, nami nawaomba radhi kila ninapokutana nao. Kwa hiyo usidhani mkuu wako wa idara ana nia mbaya. Huenda hajawahi kuombwa.

Tazama basi kinachotokea ukichukua ikolojia peke yake huku praktikali zikilipwa. Mihadhara ni saa 45, praktikali 18 na siku za nje 16, jumla saa 79 za kulipwa, ambazo kwa kiwango kilekile ni shilingi 1,580,000. Ukijumlisha maandalizi na usahihishaji wote, kazi nzima inafika kama saa 240. Utapata karibu fedha ileile kwa chini ya nusu ya kazi, wastani wa zaidi ya shilingi 6,500 kwa saa, na utabaki na nguvu ya kufundisha vizuri. Pia ni kozi iliyo karibu na shahada yako, nalo ni jambo nitakalolirudia.

Wakikuambia kwamba wanakuhitaji kwa kozi zote mbili au wasikuhitaji kabisa, omba mambo mawili kwa ajili ya jenetiki: fundi sanifu aliyetajwa kwa jina atakayeandaa maabara, na wanafunzi wawili wa umahiri watakaosimamia makundi na kusahihisha ripoti kwa malipo ya idara. Wasipoweza hata hilo, mimi katika nafasi yako ningekataa kwa heshima. Jenetiki ya watu 120 bila msaidizi ni kazi ya mtu mwenye ajira kamili.

Kuhusu maandishi, usiingie darasani kabla hujasaini mkataba. Nasema hivi kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha kwa muda, chuo kimoja ambacho sitakitaja kiliniambia nianze kwanza, mkataba uko njiani. Nilifundisha muhula mzima, nikasahihisha, nikawasilisha alama, kisha nikaenda kudai. Ofisi ya fedha ikaniambia kwamba madai hulipwa kwa fomu iliyoambatanishwa na ratiba iliyosainiwa na daftari la mahudhurio, nami kwa upande wa maabara sikuwa na kimoja wala kingine. Nililipwa nusu baada ya miezi kumi na moja, na nusu ya pili sikuipata kamwe. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza katika miezi hiyo, na fedha ile tulikuwa tumeipangia kazi. Tangu wakati huo nimekuwa na daftari dogo la jalada gumu ambamo naandika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mada, na idadi ya wanafunzi, kisha namwomba kiongozi wa darasa asaini mstari huo palepale. Fanya hivyo kuanzia siku ya kwanza, kwa mihadhara na kwa maabara.

Sheria inakulinda zaidi ya walivyozoea kuamini walimu wengi wa muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mikataba ya muda maalumu kwa wanataaluma, kwa hiyo mkataba wa muhula mmoja ni halali. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyokokotolewa. Mwajiri akishindwa kuyatoa maandishi hayo mbele ya chombo cha kutatua migogoro, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa unamwangukia yeye. Sambamba na hiyo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa ikiwa ametimiza hata kigezo kimoja kati ya vinavyotajwa humo, na kimojawapo ni kumfanyia kazi mtu au taasisi kwa wastani wa walau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa pendekezo lao la kozi mbili, hata ukihesabu saa za kusimama mbele ya wanafunzi tu, ni saa 196 katika miezi minne, yaani 49 kwa mwezi. Basi hata kama karatasi itakuita "mtoa huduma", si lazima jina hilo lisimame.

Kuna mpaka mmoja wa kuujua. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja chini ya miezi sita, na muhula mmoja haufiki hapo. Mkataba wa muda maalumu nao huisha wenyewe siku yake inapofika. Hata hivyo, mwajiri akikujengea tegemeo la haki kwamba utaongezewa, kwa mfano akikupangia ratiba ya muhula unaofuata na kukutaka uandae mtaala, kisha akakuacha, kanuni za mwaka 2007 zinakupa mahali pa kusimama. Ndiyo sababu ujumbe wa simu na barua pepe za namna hiyo usizifute. Ukidhulumiwa malipo, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi mikoani, Arusha na Kilimanjaro zikiwemo. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, madai ya malipo yakiwemo, ndani ya siku 60. Watu wengi hupoteza haki zao kwa kungoja ahadi ya "wiki ijayo" hadi siku hizo zinapita, nami nilikuwa mmoja wao.

Makato nitayagusa kwa ufupi. Kwa kuwa shule yako tayari inakukata kodi ya mshahara, ajira ya pili hukatwa kwa kiwango cha asilimia 30 bila kupitia ngazi za chini, ilhali malipo ya mtoa huduma hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Utashawishika kuchagua njia ya pili kwa sababu fedha inayofika mkononi ni nyingi zaidi. Pima pia kwamba mwajiriwa ndiye anayelindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi akiungua na asidi au akiteleza korongoni akiwa na wanafunzi, na katika fani yetu hayo hutokea. Kama una deni la Bodi ya Mikopo, kato la asilimia 15 ya mshahara wa msingi unalifahamu tayari. Na kabla ya yote hayo, pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkuu wako wa shule, kwa sababu mikataba mingi ya shule binafsi hukataza kazi ya pili bila idhini, na sipendi upoteze mkate ulio nao kwa ajili ya muhula mmoja.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Chuo kinachokuita kikiwa cha umma, mkuu wa idara hana uwezo wa kukugeuza kuwa mtumishi wa kudumu, hata akupende namna gani. Nafasi hutangazwa na waombaji hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ukisailiwa pamoja na wengine kutoka nchi nzima. Matangazo ya nafasi ya Mhadhiri Msaidizi kwa kawaida hutaka wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika umahiri. Hukunitajia wastani wako. Ichukue hati yako ya matokeo uitazame leo, kwa maana uzoefu wa kufundisha kwa muda hauzibi pengo la wastani huo, na ni vyema uujue ukweli huo kabla hujamaliza miaka mitano ukizunguka kutoka idara moja hadi nyingine kwa matumaini. Katika vyuo binafsi mambo ni mepesi kidogo: chuo huajiri chenyewe, na mtu ambaye idara imemwona akifundisha hukumbukwa nafasi inapopatikana. Nimewaajiri wawili kwa njia hiyo. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuanza shahada ya uzamivu, nalo ndilo lililoamua, si mihula waliyofundisha.

Kwa hiyo uifanye kozi ya ikolojia ikubebe kuelekea uzamivu. Uko mahali ambapo watu husafiri kutoka mbali kuja kusoma mimea. Msitu wa Rau uko pembeni kabisa ya mji wako, ni msitu wa maji ya chini ya ardhi, una mivule mikubwa, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, ambao utawaomba kibali mapema kwa barua ya idara. Siku zako mbili za nje zifanyie huko. Wagawe wanafunzi 45 katika makundi tisa, kila kundi na eneo lake la mita ishirini kwa ishirini lililozungushiwa kamba, wahesabu miche, miti michanga na miti mikubwa ya kila aina, wapime unene kwenye kimo cha kifua, wakaushe vielelezo kwa magazeti. Usahihi utakaoudai kwao kama mwalimu ndio utakaokupatia takwimu zinazoaminika, na muhula ukirudiwa mwaka unaofuata katika maeneo yaleyale utakuwa na mwanzo wa utafiti. Mimea msiyoitambua ipelekeni Arusha, kwenye herbariamu ya taifa, yaani hazina ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, iliyo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mtaalamu wa kule akishika kielelezo kilichokaushwa vizuri, chenye ua na maelezo ya mahali kilipochumwa, hukusaidia kwa moyo. Tengeru nako kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, inayosomesha uzamivu katika sayansi za viumbe, umbali wa safari ya asubuhi kutoka kwako. Msimamizi anayetarajiwa ukimfikia ukiwa na takwimu zako mwenyewe za Rau mkononi, mazungumzo yanakuwa tofauti kabisa na ya mtu aliyekuja na cheti tu.

Muhula ukiisha, dai hati ya utumishi. Ni haki yako kisheria mkataba unapomalizika, na omba iambatane na barua ya mkuu wa idara inayotaja kozi kwa jina, idadi ya wanafunzi, saa za mihadhara na saa za praktikali. Kamati za ajira huisoma barua hiyo kwa makini zaidi kuliko barua za sifa.

Una wiki mbili za kujibu, basi usizimalize zote. Andika barua fupi ya kushukuru, useme uko tayari kufundisha Ikolojia ya Mimea kwa muhula unaokuja. Kwamba umekadiria saa 45 za mihadhara, saa 18 za maabara na saa 16 za mafunzo ya nje, nawe unaomba zote 79 zitajwe kwenye mkataba kwa kiwango walichopendekeza. Kwamba unaomba malipo yagawanywe mara mbili, nusu katikati ya muhula na nusu ndani ya siku 30 baada ya kuwasilisha alama. Na kwamba ungependa kuuona mkataba kabla ya wiki ya kwanza ya masomo. Jiandae moyoni kukubali kiwango cha chini kwa saa za nje, tuseme nusu, lakini usikubali zitoweke kwenye karatasi. Ipeleke barua hiyo mwenyewe kwa mkuu wa idara, nakala moja iende ofisi ya utawala, na nakala ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, ubaki nayo wewe.